Kumbukumbu ya Legacy: midomo mifupi imefika

Midomo ya rimu, yaani zile pete za nje zinazoipa rimu kina, imefika hatimaye, yote minne, imeviringishwa kwenye magazeti ndani ya boksi: miwili ya inchi 2 ya mbele na miwili ya inchi 2.5 ya nyuma. Vijana wa mtaa wa Shabab walionikuta nikiifungua walikuwa na swali moja tu. Nani huyu anatoa mdomo wa inchi 3 kisha anaweka mfupi? Hapa Nakuru kina cha mdomo ndiyo heshima yenyewe. Rimu ikizama kama sufuria, watu wanageuka. Basi wageuke. Mimi nataka gari la kubeba watu wanne na mizigo hadi Kisumu, kupitia Mau Summit na Kericho, bila fenda kula tairi kwenye kila tuta.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: gari ni Subaru Legacy BP, ile wagoni. Rimu zake za kiwandani ni za inchi 17 kwa upana wa inchi 7, ofseti +55 (maana yake inakuja hapo chini), bolti 5x100, yaani tano kwenye duara la milimita 100, na tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, 56.1 mm. Rimu za mradi ni za vipande vitatu, yaani uso wenye spoki, mdomo wa nje na pipa la ndani, vyote vimeshikwa na bolti ndogo ndogo kuzunguka. Nilizinunua mitumba zikiwa na upana wa inchi 8.5 na ofseti +32. Muuzaji aliapa kwamba ni tisa na nusu, na futi yake ilimuunga mkono, maana alipima kutoka ukingo hadi ukingo. Upana wa rimu hupimwa pale tairi linapokalia. Kingo zenyewe huongeza karibu nusu inchi kila upande.

Midomo miwili ilikuwa na nyufa nyembamba, kumbukumbu ya mashimo ya barabara za mtu mwingine. Kuchomelea ufa wa mdomo mimi siafiki, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa kuwa lazima ninunue mipya, nikaona nichague na saizi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo mabishano ya gereji huwa makali. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaobana habu. Ukitaka kujua rimu inatokeza nje kiasi gani, chukua nusu ya upana kwa milimita, toa ofseti. Ya kiwandani: 88.9 toa 55, unapata 33.9. Hizi nilizonunua: 107.95 toa 32, karibu 76. Yaani zinatokeza milimita 42 zaidi ya za kiwandani. Kwenye Legacy yangu, tairi lilikuwa nje ya fenda waziwazi.

Nikitoa mdomo wa inchi 3 na kuweka wa inchi 2, upana unashuka hadi 7.5. Wengi hapa hudhani ofseti nayo inahama inchi nzima. Haihami hivyo. Umekata upande mmoja tu, kwa hiyo katikati inasogea nusu ya ulichokata: 12.7 mm kuelekea ndani. Ofseti inapanda kutoka +32 hadi +44.7. Ukingo wa nje ndio unaorudi inchi nzima, 25.4 mm, na sasa unatokeza 50.6 hivi, karibu milimita 17 tu zaidi ya kiwandani. Nyuma, kwa mdomo wa 2.5, upana ni 8, ofseti +38.35, na ukingo uko milimita 29 nje ya ule wa kiwandani. Nilining'iniza kamba yenye nati kutoka kwenye fenda kupima nafasi kabla ya kuagiza. Nyuma kuna nafasi zaidi kuliko mbele.

Upande wa ndani haukuguswa. Fundi hakuniamini. Ni mtu mzima, amefunga rimu tangu enzi za Datsun, akaniambia, "Kijana wangu, ofseti ikipanda, rimu inaingia ndani. Itagusa shoki." Ni kweli kabisa kwa rimu ya kipande kimoja yenye upana uleule. Nikamwambia, "Mzee, tupime." Tukalaza rimu kifudifudi, chuma kilichonyooka juu ya ukingo wa ndani, futi hadi kwenye uso wa habu: 153 mm kabla ya kubadilisha, 153 mm baada. Akacheka, akaagiza chai.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ofseti gani?" peke yake, simjibu mpaka aseme na upana. Fenda inajali ukingo uko wapi. Beringi inajali katikati iko wapi: kutoka +55 hadi karibu +45, mzigo umesogea nje milimita 10 kila upande mbele, na 17 hivi nyuma. Beringi italihisi hilo polepole, na usukani umeanza kufuata mifereji iliyochimbwa na malori pale Salgaa kidogo zaidi ya zamani. Kwa +32 ingekuwa mbaya zaidi.

Kuunganisha hakukuwa na maajabu. Safisha silikoni ya zamani hadi chuma king'ae, kaza bolti kwa kuvuka kama nati za gurudumu, kwa spana ya kipimo, halafu silikoni mpya kwenye kiungo na kuiacha ikauke vizuri. Maji ya sabuni ya kutafuta hewa inayovuja hayakutoa povu popote. Tairi ni 215/45R17 kote, saizi inayokubali rimu za 7 hadi 8. Sikuweka pana zaidi nyuma kwa sababu hii ni gari inayovuta magurudumu yote manne. Tairi za vipenyo tofauti zitachosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Nati ni za Subaru, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.25. Duka moja lilitaka kunipa za Toyota, za 1.5, likisema "zinaingia tu." Zinaingia, ndiyo, na kuharibu stadi, zile bolti za habu.

Gari tupu haligusi popote, hata usukani ukikatwa hadi mwisho. Lililobaki ni kulipakia: watu watatu nyuma, gunia la viazi kwenye buti, tupande hadi Njoro na kurudi. Nimepaka chaki ndani ya fenda za nyuma. Chaki ikifutika, nitakunja ule ukingo wa ndani wa fenda kabla ya safari ya Kisumu.