Mwewe wa Deep Sea na theluji tusiyokuwa nayo

Kaskazi imeshika wiki hii, ngalawa zinaingia matanga yametuna mpaka unahisi yatapasuka, na mi ndo nimeanza tena ule ugonjwa wangu wa kila mwaka wa kutembea huku naangalia juu, natafuta mwewe wa kupiga picha. Mama watoto ashazoea. Siku hizi akitaka kunituma sokoni ananinyang'anya kamera kwanza ndo ananipa hela, maana anajua nikipita Deep Sea, pale mashua za samaki zinaposhusha hapa Tanga, na kamera shingoni hiyo nazi itafika nyumbani magharibi.

Sasa jana usiku umeme ulikuwepo na bando lilikuwepo, vitu viwili ambavyo havikutani mara nyingi, nikakaa kuangalia picha za wenzetu wa Ulaya wanaopiga ndege wawindaji wakiwa angani kipindi cha winta. Aisee. Kuna shamba moja Wales linaitwa Gigrin Farm, karibu na mji wa Rhayader, wenyewe wana utaratibu wa kumwaga nyama mchana, winta wanamwaga saa nane, na mwewe wekundu wanashuka kwa mamia, watu wamejipanga kwenye vibanda na lenzi zao ndefu wanasubiri. Hao mwewe wekundu ni ndugu wa karibu kabisa wa hawa wetu, na walishapotea England na Scotland wakabaki wachache tu huko Wales, mpaka mwaka 1989 watu walipoanza kuwarudisha. Leo wamejaa.

Ila kilichonitia wivu sio mwewe, mwewe tunao. Ni mwanga chini ya bawa.

Angalia vizuri picha yoyote nzuri ya winta ya kule, utaona tumbo la ndege linaonekana, manyoya ya kwapani unayahesabu, kucha zinaonekana, jicho lina nuru. Sio kwamba kamera zao zina uchawi. London mwezi wa Desemba jua saa sita mchana liko kama nyuzi 15 tu juu ya upeo, yani kutwa nzima ni mwanga wa alfajiri, unakuja kwa ubavu unaingia chini ya bawa wenyewe bila kuombwa. Halafu theluji ikiwa imetanda chini ndo balaa kabisa, mwanga unapiga chini unarudi juu unamkuta ndege tumboni. Wanalipa kwa baridi ya kugandisha vidole, sawa, lakini wanalipwa.

Njoo Tanga sasa. Desemba hiyohiyo, saa sita mchana jua limevuka nyuzi 70, liko utosini, ndege akipita juu yako mgongo wake ndo unakula mwanga wote na we huku chini unaliona tumbo. Anatoka mweusi tii. Unaweza kuongeza mwanga kwenye kamera, na mi naongeza, stopu moja, yani mwanga mara mbili, mpaka moja na nusu, ila anga nalo linaungua linakuwa jeupe pee na picha inakosa raha. Na kuanzia saa tano hivi joto linaanza kupanda kutoka kwenye mchanga na lami, hewa inachezacheza, hapo hata uwe na lenzi ya bei ya kiwanja picha ya mbali haitoki kali. Unaona kwenye kioo imekaa vizuri, ukiifungua kwenye laptopu manyoya yamevurugika. Watu wanalaumu lenzi, ni hewa hiyo.

Kwahiyo kwetu huku mchezo wote ni asubuhi, na sio asubuhi kwa sababu ya mwanga laini peke yake, hilo kila mtu analijua. Ni kwa sababu ya upepo. Ndege mkubwa akitaka kusimama hewani au kushuka taratibu anaelekea upepo, hana namna, ndo unaomshika. Kaskazi inatoka baharini, kaskazini mashariki, na jua la asubuhi nalo linatoka upande huohuo wa bahari. Maana yake ukiteremka mpaka kule mchangani maji yakiwa yametoka, ukaipa bahari mgongo ukaangalia mjini, mwewe anakuja uso kwa uso na wewe huku jua linampiga usoni. Ukienda jioni unaona umepata mwanga mzuri, jua liko nyuma yako, unaangalia bahari, kumbe kila mwewe anaangalia anakotoka upepo, amekupa mkia. Jioni yote unapiga matako ya ndege. Naongea hivi maana kuna jamaa wengi wanakuja na vifaa vya maana kabisa saa kumi na moja jioni kwa sababu wameambiwa ndo saa ya dhahabu, wanarudi wanasema mwewe wa Tanga wana dharau.

Deep Sea pale ndo Gigrin yetu, tofauti hakuna kiingilio na hakuna anayetangaza saa. Mashua zikishusha, samaki wakishaanza kuparuliwa, matumbo na mashavu yanatupwa kando, mwewe wanajua kabla hata ya wachuuzi. Mi kwenye mambo ya kumwekea ndege chambo huwa na kigugumizi kidogo. Kule Canada kuna ugomvi mkubwa tu wa watu wanaonunua panya dukani wanawatupia bundi weupe kwenye theluji ili wapate picha ya bundi anakuja mbele ya kamera na makucha nje, na kusema ule ukweli mi picha hizo nikishajua zilivyopatikana hamu inakata. Ila matumbo ya samaki Deep Sea yangetupwa hata kama kamera isingevumbuliwa. Hapo dhamiri yangu imetulia.

Na mwewe akiwa kazini, jamani, kaa umtazame karibu. Hatui. Anashuka kwa mzunguko, mkia unapinda huku na kule, upande mmoja juu mwingine chini, anapita anachukua utumbo kwa mguu mmoja bila hata kugusa mchanga, akishapanda urefu wa mnazi hivi anaupeleka mguu mbele, anainamisha kichwa, anakula hukohuko angani huku mbawa zimenyooka hazipigi. Hiyo sekunde ya kichwa kuinama ndo picha ninayoitafuta. Nusu ya hizo picha jicho linatoka jeupe, sio fokasi imekosea, ni ile ngozi yao ya ndani ya jicho inayopita kulifuta, na anaifunga wakati wa kudonoa. Spidi ya kamera ya 1/1600 ya sekunde kwa mwewe inatosha, fokasi iwe ya kufuatilia, kidole gumba kisitoke kwenye batani ya nyuma inayowasha fokasi, na anza kumfuata angali mbali. Ukingoja afike ndo uinue kamera umeshaachwa.

Vijana wa pale wamenizoea sasa. Mmoja kila akiniona ananiuliza, "Bro, hiyo lenzi inafika Pemba?" Namwambia inafika mpaka Wete, inaona mtu anakunywa chai. Ni lenzi ya milimita 400, mtumba, imeshakwaruzwa na watu nisiowajua.

Kuna siku wanaoharibu ni kunguru. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wale taka, wakaona pwani yote ni yao, na hawamtaki mwewe hata kidogo. Watatu wanne wanamzonga, mmoja anamvuta mkia kabisa, mwewe anageuka kichwachini hewani anaonyesha kucha. Zamani nilikuwa nawalaani, saivi nawasubiri. Hapo tumbo, kucha, mdomo wa njano, vyote vinageukia jua, tena vyenyewe.

Sasa turudi kwenye theluji, maana ndo iliyonikosesha usingizi jana. Huku tuna kitu kinachofanya kazi ileile na watu wanakipita kila siku. Bamvua linapokuwa kubwa maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo maji yanakuwa yametoka kabisa karibu saa nne asubuhi. Saa nne jua limeshapanda, kwa kawaida ndo muda wa kufunga begi. Lakini chini pale kumebaki fungu la mchanga mweupe, limelowa, linang'aa mpaka unakunja macho, na ndege akipita chini chini juu yake mwanga unamrudia tumboni. Mashamba ya chumvi ni hivyohivyo na zaidi. Chumvi ndo theluji yetu, basi tu haina baridi. Kwahiyo mi kalenda yangu ya picha saivi inafuata mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu natoka, maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana, nabaki nyumbani nafuta picha mbovu.

Upande wa Mwambani, hukuhuku Tanga, maji yakitoka hivyo ndo utamkuta furukombe, yule mweupe tumboni mwenye mstari mweusi unaopita jichoni, aliyekimbia baridi ya huko kaskazini. Huyu ni mvuvi kwelikweli, samaki tu ndo chakula chake. Mara ya mwisho nilimkuta mzee mmoja anatengeneza wavu, nikamwamkia shikamoo mzee, akaniitikia marahaba mwanangu, unamngoja nani hapo juani? Nikamwambia namngoja furukombe. Akacheka. "Huyo hana haraka, maji bado yanatoka. Njoo kivulini kwanza." Nikakaa. Baadaye nilipoinuka akaniambia nisisimame pale mwanzo, kivuli changu kinaingia majini na mkizi wanakiona, wanahama, na mkizi wakihama furukombe naye haji. Hili sijawahi kulisikia kwenye video yoyote ya kufundisha upigaji picha na nimeangalia nyingi mno.

Akaja kweli. Alisimama hewani anapiga mbawa, kichwa chini, akasogea kidogo, akasimama tena, halafu akajiachia. Watu wanadhani anaingia na mdomo, hapana, dakika ya mwisho anatupa miguu mbele ya kichwa ndo anaingia maji yanaruka. Hasira za mkizi tijara ya mvuvi, wale wanaorukaruka ndo wanajitangaza. Anapotoka ana kidole kimoja cha nje anaweza kukigeuza nyuma, kwahiyo anamshika samaki viwili mbele viwili nyuma, na nyayo zina vijimiba samaki asiteleze, akishapanda kidogo anajikung'uta maji mwili mzima halafu anampanga samaki kichwa kitangulie ili upepo usimsumbue. Hapo kwenye kujikung'uta weka 1/2500 usiwe bahili, ISO, yani kamera inavyovuta mwanga, ipande inavyotaka, chengachenga zinafutika lakini picha iliyotikisika ndo basi tena.

Picha niliyoipenda siku ile sio ya kuzamia. Ni alipoondoka na samaki akapita mbele ya ngalawa, tanga lote nyuma yake, lile lenye viraka viwili vya bluu. Wapigapicha wengi wangeikata ile ngalawa wabaki na ndege na anga tupu. Mi anga tupu imenichosha, ndege huyohuyo na anga tupu anaweza kuwa Finland.

Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili kuna na wale kozi wadogo wa Amur, hawa hawakai, wanapita. Wanatoka mashariki ya Siberia na kaskazini mashariki ya China, wanapumzika Nagaland huko India kwa makundi ya kutisha, halafu wanaivuka bahari mpaka Afrika, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, ndege wa gramu 150 hivi. Mwaka 2012 kule Nagaland karibu na bwawa la Doyang walikuwa wananaswa kwa nyavu kwa maelfu kwa maelfu, dunia ikapiga kelele, na mwaka uliofuata vijiji vyenyewe vikaacha. Nikimuona mmoja juu ya mkonge baada ya mvua ya vuli, anadaka kumbikumbi kwa mguu, nafikiria hilo. Kumpiga picha ni shughuli nyingine, ana kona kali sana, 1/3200 na dua.

Kitu kimoja wenzetu wa baridi wanatushinda na kimoja tunawashinda. Wao betri zinakufa, wanazitia mfukoni ndani ya jaketi zipate joto, sisi betri hazina neno. Ila sisi tuna fangasi. Unyevu wa pwani unaingia kwenye lenzi, unaota vinyuzinyuzi ndani ya kioo, ukija kuviona umechelewa, na fundi atakutajia bei ya kununua nyingine. Mi yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vipakti vya kunyonya unyevu, mama watoto kashaambiwa ile ndoo si ya mchele. Na ukitoka ufukweni pitisha kwenye kamera kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi kwanza halafu kikavu, ile chumvi ya upepo inakula kila kitu.

Chumvi hiyohiyo ndo inanipeleka Bagamoyo Januari Mungu akipenda, kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge. Nauli nimeshaipigia hesabu na bamvua nimeshaliangalia. Kinachonisumbua ni kuingia, ni mali ya watu na mtu mwenye lenzi ndefu kila sehemu anaulizwa katumwa na nani. Kama una ndugu au jirani anayefanya kazi pale naomba uniulizie kama wanaruhusu mtu kuwepo ndani saa tatu asubuhi. Wakisema njoo saa nane mchana mwambie asante, nabaki zangu Deep Sea.