Chemsha bongo ya reli kwa Krismasi: mradi ulipofikia

Ninachotengeneza ni chemsha bongo ya wapenzi wa reli, ya picha na mafumbo, itakayochezwa Kibosho, Moshi, katika siku zile kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu wakiwa wamerudi nyumbani. Kila swali lina picha iliyokatwa ikabaki sehemu ndogo tu, pamoja na fumbo la mstari mmoja. Jibu ni stesheni, au kitu cha reli. Anayeijua njia anaweza kupita kwenye picha, na mwenye masikio mepesi anaweza kupita kwenye fumbo. Wakikutana kwenye jibu moja, kila mmoja anakuwa na uhakika.

Oktoba: kwa nini Desemba

Desemba ya Moshi haifanani na miezi mingine. Kuanzia katikati ya mwezi watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, mabasi yanajaa, na vijiji vilivyokuwa kimya mwaka mzima vinajaa magari na watoto. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, na Oktoba 2020 ikafika tena Arusha. Kwa hiyo watoto wa siku hizi wanaijua treni kama njia ya kuja kwa bibi kula Krismasi. Wazee wanaijua ile ya zamani, ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki na miaka ya baada ya 1977 lilipovunjika. Sisi wa katikati tumekulia wakati ambapo reli ilikuwepo lakini abiria hawakuwepo.

Ndiyo maana nataka mchezo ambao mzee wa miaka 80 na mtoto wa darasa la sita watakaa timu moja, na kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzake hana.

Bado Oktoba: mafumbo ya kwanza

Nilianza na jepesi la kufungulia:

*Ondoa gari kwenye garimoshi, uuone Kilimanjaro.*

Jibu ni Moshi, na hata anayelala anaamka. Baada ya hapo nikaandika hili la chai:

*Toa wizi kwenye kiungo cha chai, ufike mwanzo wa reli.*

Kiungo ni tangawizi. Ukiondoa wizi inabaki Tanga, mji ambako Wajerumani walianzia ujenzi mwaka 1893. Hili nalipenda sana kwa sababu kila neno lina kazi, na kwa sababu nyumbani Krismasi bila chai ya tangawizi haijakamilika.

Kisha nikaingia kwenye majina yaliyofichwa, ambako jina la stesheni linalala kati ya maneno mawili. Huku ndiko nimetumia muda mwingi, na huku ndiko kuna utamu. Someni haya kwa sauti:

*Weka pesa mezani. Stesheni ya Upareni imo ndani.*

*Sokoni humo mboga zimejaa. Shuka hapa upande Lushoto.*

*Mwisho wa mwaka heri nyingi hutumwa. Ndani yake reli ya Voi iliikuta ya Tanga.*

La kwanza ni Same: pe-SA ME-zani. La pili ni Mombo: hu-MO MBO-ga, na kweli Mombo ndipo pa kushukia kwa anayekwenda Lushoto, kwenye mboga zenyewe. La tatu ni Kahe: mwa-KA HE-ri. Kahe ndipo ilipounganishwa reli waliyoijenga Waingereza kutoka Voi kupitia Taveta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Nimejiwekea sharti moja hapa: kisu kipite kati ya silabi na silabi, kamwe kisikate silabi katikati. Mafumbo haya hayatasomwa kimyakimya kwenye karatasi tu. Yatatangazwa uani, kuku wakipita, na nusu ya wazee hawana miwani. Fumbo lililokatwa kwa silabi linasikika. Mtu anaweza kufumba macho, akarudia maneno taratibu mdomoni, na jina likamtokea.

Linalolificha jina ni mkazo. Tunaposema “pesa mezani”, sauti inakaza *pe* na *za*, lakini tunaposema Same peke yake tunakaza *sa*. Sikio linafuata mkazo na kupita juu ya jina bila kuligusa. Ukilinganisha na hili:

*Mbege ikorogwe kabla wageni hawajafika. Treni ilifika hapa 1902.*

Korogwe imebaki na mkazo wake palepale, *ro*, kwa hiyo inasikika mara moja. Hilo nimeliweka mwanzoni kabisa, pamoja na garimoshi, ili watu wapate moto. Nimepanga raundi nzima kwa kipimo hicho: yenye mkazo uliobaki mahali pake kwanza, yaliyopoteza mkazo baadaye.

Lililonichukua usiku mwingi zaidi ni hili:

*Baada ya Uhuru vumbi lilitimka, reli ya Tanga ikaungwa na ya kati.*

Ruvu. Uhu-RU VU-mbi. Hadi wakati wa Uhuru, reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili: zote za upana wa meta moja, lakini treni haikuweza kutoka moja kwenda nyingine ndani ya nchi. Mwaka 1963 kipande cha kati ya Ruvu na Mnyusi kikakamilika, ndipo Dar na Moshi zikapata njia. Bila kipande hicho hakuna treni ya Krismasi leo. Nilitaka fumbo ambalo hata ukilisoma kama sentensi ya kawaida, bila kutafuta kilichofichwa, linasema ukweli wa historia. Hili linasema.

Novemba: sheria za mchezo

Sheria nimezitoa kwenye vitendawili tulivyokua navyo. Mtangazaji anaita “Kitendawili!”, watu wanaitika “Tega!” Timu ikishindwa, mtangazaji anasema “Nipe mji.” Kwenye kitendawili cha kawaida unampa mji wowote, anasimulia alivyokwenda huko, halafu anatoa jibu. Kwetu mji una thamani, kwa sababu kila timu inaanza na kadi za stesheni kutoka Tanga hadi Arusha: Muheza, Korogwe, Mombo, Buiko, Makanya, Same, Kahe, Moshi na nyingine. Ukishindwa unatoa kadi moja, na njia yako inakatika pale. Mwisho wa mchezo tunahesabu kipande kirefu zaidi ambacho hakijakatika.

Hapo ndipo akili inapofanya kazi. Ukitoa Muheza unapoteza mwanzo tu, na njia yako bado ni ndefu. Ukilazimika kutoa Same baada ya hapo, umegawanyika. Mpwa wangu wa kidato cha pili alicheza raundi ya majaribio akakumbatia Kahe kana kwamba ni fedha. “Mjomba, hii siitoi hata iweje, nikiitoa Moshi na Arusha zinabaki yatima.”

Nimeongeza kadi moja maalumu. Treni ya kwanza ilifika Moshi mwaka 1911, lakini haikuendelea Arusha hadi 1929. Kwa miaka 18 Moshi ilikuwa mwisho wa reli. Basi timu yenye kadi ya “1911” inaweza kuifunga njia Moshi, isihesabiwe pengo la Arusha. Watu wa Arusha watalalamika. Nawaandalia fumbo lao, *Mtoto arusha mpira, na reli inakoma*, wapate pa kuanzia.

Katikati ya Novemba: picha

Picha zimenipa kazi ya aina nyingine. Za stesheni ya Moshi nilipiga baada ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, na nawashauri wote mfanye hivyo. Ni eneo la kazi, na ukiomba vizuri unaonyeshwa hata usichokijua. Nyingine zimetoka kwenye albamu za familia: harusi, kipaimara, mtu amesimama na sanduku mbele ya behewa.

Raundi ninayoiamini zaidi ni ya mataruma, yale mapande yanayolala chini ya reli na kuishikilia. Ni picha tatu, zote zimekatwa hadi zimebaki reli, taruma na kokoto. Swali: hii ni reli gani?

Ya kwanza ni ya kwetu, upana wa milimita 1,000. Ya pili ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, 1,067. Ya tatu ni reli mpya ya SGR, 1,435. Kwa macho hutaweza kutenganisha ya kwanza na ya pili kwa upana, maana tofauti ni milimita 67 na picha haina rula. Kinachosema ni taruma. Nilimpelekea picha hizo mzee mmoja wa mtaani kwetu Majengo, fundi wa njia aliyestaafu. Nilimsalimu, akaitika marahaba, akavaa miwani, akaishika ya kwanza karibu na dirisha. Hakuitazama reli hata kidogo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya taruma.

“Hili chuma, mwanangu. Ona lilivyokunjwa hapa mwishoni, limeinama chini kama bakuli lililogeuzwa. Kokoto zinaingia ndani yake, linashikilia. Hili la pili zege. TAZARA hiyo.”

Ya tatu nayo ni zege, akaigeuza huku na huku, halafu akaona kwenye kona kivuli cha nguzo kikipita juu ya kokoto. Umeme. Nilikuwa nimefikiria kukata kona ile, lakini sasa naiacha. Kivuli hicho ndicho njia ya haki ya kufika kwenye jibu, na anayekiona anastahili pointi.

Alipoondoka kwenye picha alianza kunieleza namna walivyokuwa wakigonga taruma kusikia kama limeshika au limelegea. Nimemwomba aje Kibosho aieleze mwenyewe. Hilo halitakuwa swali, litakuwa mapumziko kati ya raundi.

Picha nyingine ninayoijivunia ni ya magurudumu. Rafiki aliyetembelea Makumbusho ya Reli ya Nairobi alinipigia ubavu wa kichwa cha mvuke namba 5930, mmoja wa wale majitu wa daraja la 59 waliotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila kimoja kina uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna kichwa kingine cha mvuke cha reli ya meta moja kilichovizidi. Vilikuwa 34 na vilipewa majina ya milima. Hiki kinaitwa Mount Shengena, na Shengena ni mlima wa kwetu, juu kabisa ya Upare, Same ikiwa chini yake. Vilifanya kazi hasa kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, lakini jina limetoka huku.

Nimefunika bango la jina. Swali lina sehemu mbili: hesabu magurudumu unayoyaona ubavuni, kisha taja mlima. Ukihesabu vizuri utapata 14, maana jumla ni 28. Fumbo lake: *Nilizaliwa Manchester, nikapewa jina la Mpare, nikastaafu Nairobi.* Halichezei silabi hata moja. Nimeliacha hivyo makusudi, kwa kuwa wakati mwingine maisha ya kitu chenyewe yanatosha kuwa fumbo.

Desemba: kilichobaki

Kadi za stesheni zimeshakatwa na kuvikwa plastiki, kwa sababu mikono itakuwa na mafuta ya ndafu. Picha zinachapwa kwa ukubwa wa karatasi nzima, zile zilizotumwa kwa simu nimeomba upya kama faili, maana zikipitia simu mara mbili tatu maandishi ya kwenye behewa yanafutika. Bado natafuta picha nzuri ya daraja la mto Ruvu. Bado natafuta pia fumbo la Hedaru. Jina linakataa kulala kati ya maneno mawili, na silazimishi.

Raundi ya mwisho itakuwa ya reli ya kati, ngumu kuliko zote, haina picha, itachezwa usiku taa zikiwa zimewashwa. Majibu yake sitayaandika popote kabla ya siku yenyewe. Mafumbo ni haya:

*Embe kubwa na nusu ya mama. Treni ya umeme ilifika hapa 2024.*

*Nusu ya tatu ni bora. Hapa reli inagawanyika, kila moja na ziwa lake.*

*Badili mwisho wa mwanzo, utaliona ziwa la kwanza.*

*Ngoma ndogo, reli iliifikia 1914, na ziwa la pili likaizuia.*