Shangazi Aliuliza Jiko Liko Wapi

Teksi ilitushusha Bab al-Futuh, lango la kale la Cairo, tukaingia Mtaa wa al-Mu'izz kwa miguu, mimi na shangazi, yeye na buibui lake la Lamu na goti lisilotaka ngazi. Darb al-Asfar iko kushoto, kichochoro tu, na humo ndimo ilimo Bayt al-Suhaymi, nyumba iliyoanza kujengwa 1648.

Nilikuwa nafuata madirisha. Kwenye simu nilibeba nakala ya The Hhareem, yaani upande wa wanawake nyumbani, picha ya rangi ya maji ya Mwingereza John Frederick Lewis, aliyeishi Cairo miaka 10, kuanzia 1841. Ilipoonyeshwa London mwaka 1850, watu walistaajabu: jua linapenya kwenye mashrabiya, dirisha la kimia cha mbao, na kumwagika juu ya zulia na hariri, tundu moja moja, kana kwamba mchoraji aliyahesabu.

Juu, upande wa wanawake, nikamwonyesha shangazi picha hiyo. Akavaa miwani.

"Huyu mzungu nani alimtia ndani kwa watu?"

Hakuna aliyemtia. Mwanamume mgeni asingepita hapo. Katika nyingi za picha zake za namna hii aliyekaa achorwe ni mkewe, Marian, waliyeoana Alexandria mwaka 1847. Na nyingi alizichora baada ya kurudi kwao, huko Walton-on-Thames. Shangazi akacheka hadi mlinzi akageuka.

"Ndiyo maana. Wote wamekaa tu. Jiko liko wapi? Watoto je?"

Kisha akanyamaza. Katika picha hiyo kuna msichana wa Kihabeshi, mtumwa aliyeletwa karibuni, anafunuliwa nguo mbele ya bwana aliyejilaza na wake zake. Nami nilikuwa nimeitazama picha hii miaka, na kila mara jicho langu lilikimbilia dirishani.

"Huyu ana mama yake mahali," shangazi akasema, akanirudishia simu.

Lakini dirisha, Lewis hakulidanganya. Vijiti vilivyokerezwa na kuchomekana, ukikaa ndani unauona ua wote, miti na chemchemi, na aliye chini hakuoni. Jina lenyewe, mashrabiya, linatokana na neno la Kiarabu la kunywa: hapo ndipo ilipowekwa mitungi ya maji ipigwe na upepo, ipoe. Hilo shangazi alilielewa upesi kuliko mimi. Alikaa kwenye kibaraza cha dirisha, akanyoosha goti, akafungua chupa yake ya maji. Vitone vya jua vikatapakaa juu ya buibui lake jeusi, sawasawa na ilivyo pichani, na labda vizuri zaidi.

Nikainua simu.

"Usinitie mimi," akasema, akijivuta pembeni. "Piga dirisha."