Uzoefu wangu: kurekodi mwimbaji na gitaa lake ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Kila niliyemuuliza alinituma ghorofa ya juu, chini ya makuti, eti Lamu bila bahari nyuma ya mwimbaji si Lamu. Haya, tukapanda. Kusi inavuma, makuti yanachakacha, boti za mashine hazikatiki. Sifongo ya maiki haiwezi upepo ule. Unahitaji koti la manyoya la kuvika maiki, na hilo nalo haliondoi mchakacho. Picha tamu, sauti ya kutupa. Na mtu anayeimba karibu na kunong'ona, utamtazama picha tu?

Tukashuka hadi sebule ya Mkomani, mtaa wa kale wa nyumba za mawe mjini Lamu. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, maana upana unafuata urefu wa boriti za mkoko, kama mita tatu hivi au pungufu. Kuta mbili za chokaa zikitazamana karibu hivyo hurushiana sauti: piga kofi, utasikia trrr. Wajuzi watakwambia uvike chumba kizima mablanketi. Hapo gitaa litasikika kama limefungiwa kabatini. Mimi nilitundika mablanketi ukuta mmoja tu, nyuma ya maiki, kamera isikofika, na mwimbaji nikamkalisha mshazari. Wasikilizaji mkekani wakamaliza kazi. Mabuibui na kanzu hunyonya sauti bure.

Sasa utamu wenyewe. Anayejipigia gitaa huvuja: sauti yake inaingia maiki ya gitaa, gitaa linaingia maiki ya sauti, ukiongeza hili na lile linapanda. Nilikodi maiki mbili zinazosikia mbele na nyuma lakini viziwi ubavuni. Bei iliuma kidogo. Ya sauti inakaa chini kidogo ya mdomo, kama sentimita 20, uso wa maiki umeinuka ili ubavu wake wa chini ulielekee gitaa. Ya gitaa inakaa sentimita 30 kutoka kizuizi cha 12 (vile vichuma vya shingo ya gitaa), imeinama, ubavu wa juu ukielekea mdomo. Mwambie aimbe bila kupiga, vaa hedifoni, isogeze maiki ya gitaa kidogo kidogo mpaka sauti yake izame. Kisha apige bila kuimba, ufanye vivyo hivyo kwa ile nyingine. Vilele vya sauti viachie kwenye desibeli -12 za kinasa sauti.

Feni zima, na nyuzi zilinganishwe sauti baada ya kuzima, chumba kikishapata joto lake. Friji zima pia, utie ufunguo wa mlango ndani yake; hutatoka ukawaachia wenyeji samaki wa kuoza.

Kamera nilizifunga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za LED hupepesa ukikosea. Baadhi ya kamera za picha, hasa za zamani, hujikata karibu na dakika 30, kwa hiyo bonyeza upya kila wimbo na upige kofi la kuoanisha picha na sauti.

Rekodi kati ya Alasiri na Magharibi: mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ni laini na vipaza sauti vya misikiti vimetulia. Punda ndiye hana ratiba. Akilia katikati ya ubeti, rudia wimbo mzima, maana mwendo wa gitaa haufanani mara mbili na kiraka kitasikika.