Tulivyoimaliza Bleak House kwa mafungu

Mara ya kwanza nilikwama kwenye ukurasa wa arobaini. Mara ya pili hata huko sikufika. Bleak House, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, ina sura 67, na wahusika wake wanapanda na kushuka kama abiria wa daladala. Ukishika jina la mmoja, watatu wameshateremka. Kwa hiyo kikundi chetu cha kusoma, watu saba wa hapa Dar es Salaam, kilipoichagua, nilinyamaza tu.

Tulianza vibaya kweli. Tulijipangia kurasa mia kwa wiki. Wiki ya tatu tulikuja wanne, na wawili walikuwa wamesoma muhtasari.

Kilichotuokoa ni jinsi riwaya yenyewe ilivyotoka: vijitabu vya kila mwezi, Machi 1852 hadi Septemba 1853, shilingi moja ya Kiingereza kwa kurasa 32. Wasomaji wa wakati ule walipewa sura tatu au nne, wakasubiri. Nasi tukafanya hivyo hivyo, fungu moja kila baada ya wiki mbili, na sura ya kwanza ya kila fungu inasomwa kwa sauti. Ukutani kwa mwenyeji wetu tukabandika manila ya majina. Ilijaa, tukaongeza ya pili.

Ukungu wa mwanzoni, ule unaotanda London nzima hadi ndani ya mahakama, alitusomea dada mmoja aliyekulia Njombe. "Nyie ukungu mnauona kwenye picha," alituambia, akasoma taratibu mpaka nikatamani sweta.

Kesi ya Jarndyce na Jarndyce ndiyo iliyotupiga chenga, hadi mzee wetu, karani wa mahakama mstaafu, alipovua miwani. "Jamani, hii ni mirathi. Wosia una utata, watoto wanazaliwa wanaikuta kesi, wanazeeka wanaiacha. Mnashangaa nini?" Nikakumbuka kiwanja cha babu yangu, ambacho mpaka leo tunaambiwa njooni mwezi ujao. Hakuna aliyeuliza tena maana ya Chancery, mahakama inayoisikiliza kesi hiyo.

Halafu kuna Mama Jellyby, anayeshinda akiandika barua za kuikomboa Borrioboola-Gha, mahali pa kubuni Afrika, kando ya mto Niger, huku mwanawe amenasa kichwa kwenye vyuma vya uzio wa nyumba yake mwenyewe. Tulicheka mpaka mwenyeji akafunga dirisha. Lakini mwishoni mpango wake unavunjika kwa sababu mfalme wa huko anataka kuuza watu apate pombe, na hapo kicheko kilikatika. Mama anachekwa kwa upofu wake. Waafrika wanachekwa bila hata kupewa sura. Tulibishana hadi saa nne usiku. Mimi pale Dickens sijamsamehe, na jioni ile ndiyo naikumbuka kuliko zote.

Fungu la mwisho (samahani kwa ambaye hajafika) lilisomwa na mzee. Wosia mpya umepatikana, kesi imekwisha, ila mali yote imeliwa na gharama za kesi. Mawakili wanatoka wakicheka. Akafunga kitabu kwa kidole ndani.

Kuna bibi mmoja humo, Miss Flite, aliyefuga ndege kwenye vizimba akisubiri siku ya hukumu ndipo awaachie.

"Mzee," dada wa Njombe akauliza, "na wale ndege?"

Akavaa tena miwani, akatafuta mstari.

"Kawafungulia. Huku analia."