Vimatuta vya Entebbe vimenitoa jasho

Jumapili nilikuwa ufukweni Entebbe, Ziwa Victoria, maji magotini, nikasikia chini ya nyayo vile vimatuta vya mchanga vimejipanga kama mabati. Sasa wiki nzima niko na laptopu najaribu kuandika programu ya kuonyesha wimbi linavyouvuruga huo mchanga, na jamani nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Kosa langu nilichukulia chini ni sawasawa kama sakafu. Kumbe penye vimatuta maji yakivuka kilele yanajikunja upande wa pili, yanatengeneza kisulisuli kidogo kinachozoa mchanga, halafu maji yakigeuka kurudi hicho kisulisuli kinarushwa juu na mzigo wake wote, mara mbili kwa kila wimbi! Yaani mchanga haurushwi pale maji yanapokimbia sana, unarushwa yakigeuka. Bagnold, yule Mwingereza wa mchanga wa jangwani, aliyaandika haya 1946, mimi ndo nashtuka leo.

Kina nacho. Wimbi la sekunde 3, yaani vilele vinapishana kila sekunde 3, lina urefu wa kama mita 14 toka kilele hadi kilele, likiwa penye kina cha zaidi ya mita 7 hivi chini hakuna kinachotikisika, kwa hiyo fujo zote ziko kandokando ya ziwa.

Na matope ya kwenye mafunjo sijayagusa, yale yanashikana, hesabu zake nyingine kabisa. Mvuvi mmoja nilimwonyesha grafu zangu akacheka, "Ssebo (bwana), si ungeniuliza tu?"