Manjano na mionzi ya mama mkubwa

Mama mkubwa alipoanza mionzi ya saratani ya titi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mashoga zake wa Tanga hawakulala. Wakatuma mwarobaini, mshubiri, na mfuko mzima wa manjano yaliyotwangwa nyumbani. Ngozi ya chini ya titi ilipoanza kuwa nyeusi na kubabuka kwenye mkunjo, akataka ayanywe na maziwa, asubuhi na jioni. "Mwanangu, hiki si chakula tu? Kina dhara gani?"

Nikakaa nikasoma. Manjano hayakuzuliwa na waganga wa mtandaoni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa wagonjwa wa saratani ya matiti kurkumini, kile kinachoyatia manjano rangi, gramu 6 kwa siku muda wote wa mionzi. Wagonjwa walikuwa 30, wengine wakimeza vidonge visivyo na dawa. Waliomeza kurkumini walichubuka kidogo kuliko wenzao. Wauzaji wa vidonge hukomea hapo. Utafiti ukarudiwa kwa wagonjwa 686, na majibu yaliyotoka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Tena piga hesabu ya jikoni. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, kwa hiyo gramu 6 zinataka gramu 200 za unga kila siku. Nani ataumeza huo? Na ukiumeza, mwili unafyonza kidogo mno, ndiyo maana watu huongeza pilipili manga. Hiyo nayo huzuia ini lisivunje dawa haraka, zikiwemo za hospitali.

Kilichonitisha hasa ni namna mionzi inavyoua uvimbe. Ikipita kwenye maji ya seli huzalisha chembe kali zinazokatakata vinasaba. Manjano kwa wingi huzizima chembe za namna hiyo, na hayana macho ya kuchagua seli nzima na ya saratani. Kweli, kwenye maabara kurkumini imewahi kuzifanya seli za saratani ziumizwe zaidi na mionzi, lakini vile ni vibakuli, si mtu.

Daktari tulimwonyesha mfuko wenyewe. Akasema kwenye mchuzi ruksa. Vikombe na vidonge visubiri mionzi iishe. Sidiria imewekwa kando, mama mkubwa anajifunga khanga tu. Tunamwosha kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua wala kufuta alama za wino za kulengea mionzi, na mshubiri hapaki mpaka tuulize.